Visu Alivyobakiza Bwana Shamba

Bwana Shamba alikuwa na visu vya kukunja arobaini na kimoja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuchinja kuku. Akiletewa kuku na mtu, alimning'iniza kwa miguu, akavuka naye njia hadi kwa jirani, akasema, "Nisaidieni jamani, sina kisu." Watu walicheka mpaka wakazoea. Mtu ana visu vya kujaza bati la biskuti, halafu anakwenda kuazima cha jikoni kwa mke wa mtu.

Jina lake ninalijua. Lakini kule kwetu juu, ukipanda kutoka Mlali mpaka ukungu uingie masikioni, hakuna aliyelitumia, na mimi sitaanza leo. Alikuwa Bwana Shamba, mtumishi wa serikali, aliyeletwa kutufundisha kilimo sisi tuliozaliwa na jembe mkononi. Kwao wapi, sikumuuliza. Wengine walisema Tabora, wengine walisema Songea. Mwenyewe akiulizwa alijibu, "Nimetoka idarani," na maswali yakaishia hapo.

Mimi nilikomea darasa la nne. Nasema mapema ili anayetaka maneno ya kisomi aende kwa wasomi. Nyumba hii ya matofali nimeijenga kwa mgongo wangu, malori mawili nimeyanunua kwa mgongo wangu, na watoto nimewasomesha kwa mgongo huo huo mpaka wamesoma wakanisahau. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna chama kilichonikopesha. Lakini nikisema nilifika peke yangu kabisa nitakuwa muongo, na uongo katika umri huu ni kazi bure. Kuna mkono mmoja uliopita juu ya mkono wangu, na huo ndio nataka kuusema.

Nianze na visu, maana ndivyo vilivyomjulisha kwa watu.

Vilikaa ndani ya bati la biskuti, kila kimoja kimefungwa kitambaa kilichochanwa kutoka shuka kuukuu na kupakwa mafuta ya cherehani. Wakati ule kisu cha kukunja hakikuwa kitu cha kukuta dukani. Dukani ulikuta chumvi ukiwa na bahati, na sabuni ukiwa na undugu na muuzaji. Kwa hiyo kila kisu kilikuwa na safari yake. Kimoja, chenye mpini wa pembe, alipewa na padre mzee wa misheni siku padre huyo anarudi kwao kufa. Kimoja alikipata kwa mtu wa reli pale stesheni ya Morogoro, wakabadilishana na jogoo na mkungu wa ndizi. Kimoja alikiokota kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, kimeliwa na kutu hakifunguki. Akakiloweka kwenye mafuta ya taa majuma matatu, akikijaribu kila asubuhi taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Siku kilipofunguka alikuja kugonga mlango wangu jogoo ndio kwanza wanawika.

"Kimefunguka," akasema.

"Nini?"

"Kisu."

Akageuka akarudi kwake. Mke wangu akaniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, kisu kimefunguka. Tulicheka sana asubuhi ile. Leo nikiikumbuka sicheki, maana naona sasa kwamba alikuwa na habari njema na hakuwa na mtu wa kumpelekea ila mkulima mmoja aliyekuwa bado amelala.

Jumapili ndiyo siku mtu wa peke yake huonekana. Siku nyingine kazi humficha. Kwetu Jumapili kila mtu ana Misa, ana jumuiya, ana shemeji wa kumtembelea. Bwana Shamba hakuwa wa kanisa letu, na kama alikuwa wa msikiti, msikiti ulikuwa mbali huko chini na sikumwona akishuka. Tukitoka Misa tulimkuta mbele ya nyumba ya serikali aliyopewa, mkeka umetandikwa, visu vyote arobaini na kimoja vimepangwa mstari. Anafungua, anafuta, anafunga. Anafungua, anafuta, anafunga. Akina mama walikuwa hawapiti kimya.

"Shikamoo Bwana Shamba."

"Marahaba. Mmesali?"

"Tumesali."

"Mmeniombea mvua?"

"Tumekuombea mke!"

"Mvua ingetosha," anasema, wala hainui kichwa.

Wanapita wakipigana vikumbo kwa kicheko. Yeye anabaki na mkeka wake. Mimi mwenyewe nilipita mara nyingi nikacheka na wengine, na mara chache sana nilikaa.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Huko maneno yalimtoka. Kazi yake aliyoipenda ilikuwa kubebesha miti, na asiyejua kubebesha nimwambie: unachukua jicho la mti wenye matunda mazuri, lile chipukizi dogo linalokaa kwenye kikonyo cha jani, unalichomeka chini ya ganda la mti mwingine ulio mgumu, unafunga, unangoja. Likishika, mti mgumu unazaa tunda la mwenzake. Sisi tulikuwa na mapichesi ya kienyeji, madogo, makavu, ya kuchezea watoto. Yeye akaleta macho ya plamsi.

Kisu cha kazi hiyo kilikuwa kidogo kuliko vyote. Mpini mweusi, mbaya wa sura. Upande mmoja makali, upande wa pili ulimi wa mfupa usiokata kitu, wa kufunulia ganda bila kulijeruhi. Hicho hakikukaa kwenye bati siku za kazi. Kilikaa mfuko wa shati, na alikuwa akikigusa akiongea, kama wengine wanavyogusa kofia.

Mwaka mzima wa kwanza hakuniruhusu kukishika. Yeye anakata, mimi nafunga kwa nyuzi za mgomba. Mwaka wa pili akanipa. Nilipokata mara ya kwanza alinitazama, akasema, "Mkulima, hapo umebebesha au umechinja?"

Alimwita kila mtu mkulima, hata kasisi.

Nikakata tena. Akashika mkono wangu juu ya mpini, mkono wake ukiwa juu ya wangu. "Una hasira mkononi," akasema. "Nani kakukosea? Mti huu? Haya, msalimie kwanza." Nikafikiri ni mzaha. Si mzaha. Alinisimamisha pale nimsalimie pichesi, "Habari za leo," watu wananitazama, na ndipo akaniruhusu kukata. Jicho lile lilishika. Nilimshikia miti miaka sita baada ya hapo, na plamsi za kwanza kubwa kushuka kutoka mlima wetu zilitoka kwenye mikono yangu. Nilizishusha kichwani mpaka Mlali. Utajiri wangu, kama ni utajiri, ulianzia hapo.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Alikosea, na kosa lake kubwa lilimleta barazani.

Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume analima mahindi kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, anakula, hakuna neno. Lakini mti hapandi hivi hivi. Mahindi yanaondoka kila mwaka, mti unakaa, na aliyepanda mti amesema neno juu ya ardhi. Hayo hakuna aliyemwambia Bwana Shamba, maana ni jambo ambalo kwetu haliambiwi mtu. Seremala mmoja akamwomba ambebeshee mapichesi ishirini yaliyojiotea kwenye ardhi ya mkewe. Macho ya plamsi yakatoka kwenye miti ya mama yake seremala. Bwana Shamba akabebesha yote, akafurahi, akaandika kwenye ripoti yake.

Miaka ikapita, mke wa seremala akafa. Ukoo wa mke ukamwambia, vuna mahindi yako uende, miti inabaki. Seremala akasema, mashina ni yenu, sikatai, lakini juu ni kwangu, plamsi ni za mama yangu. Basi hapo ikawa vurugu. Wakasema wakate juu ampelekee mama yake. Bwana Shamba akaitwa aseme, maana yeye ndiye aliyekata.

Bibi aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule akamuuliza, "Bwana Shamba, mti huu wa nani?"

"Mti ukishashikana, Bibi, hauna wa juu na wa chini. Ni mti mmoja."

"Ahaa. Na wewe umekaa kwetu miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Umeshikana?"

Baraza zima likaangua kicheko. Watu walijipiga mapaja. Yeye hakucheka. Alitazama huko juu msituni kama anayehesabu kitu, akasema, "Bado, Bibi."

Nadhani Bibi hakutegemea ajibiwe. Shauri likakatwa kwamba seremala atakuwa anakuja kuvuna plamsi mpaka siku yake ya kufa. Tangu hapo Bwana Shamba hakugusa mti wa mtu kabla ya kuuliza, "Ardhi hii ya mama wa nani?" Alijifunza adabu yetu kuliko vijana wetu wenyewe, na hata hivyo hakuna aliyemwalika kwenye tambiko.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Alizalisha matunda mlima mzima na hakula hata moja. Alisema yanamtia ganzi la meno. Alikuwa na kisu chenye kizibuo cha chupa za mvinyo, na pombe hakugusa. Kizibuo hicho alikizungusha ardhini kwenye mashamba ya watu, akakitoa, akanusa udongo uliong'ang'ania, akatuambia mvua imefika wapi. Alihubiri tutumie vya kwetu, tusingoje vya nje, na visu vyake vyote vilikuwa vya nje.

Hilo la mwisho lilimuudhi mhunzi wetu, aliyekuwa anafua majembe na mapanga kijijini. Siku moja akatengeneza kisu cha kukunja kwa chuma cha springi ya lori na mpini wa mpingo. Akakileta Jumapili mbele ya watu wote, akakiweka mkekani katikati ya vile vingine. Bwana Shamba akakikunjua kwa shida. Kilikuwa kizito kama nyundo.

"Mkulima," akasema, "hiki kinafaa kuchimbia viazi."

Mhunzi akaondoka na hakumsalimia tena. Lakini kisu hakukichukua, na Bwana Shamba hakumrudishia. Kikawa cha arobaini na moja.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara.

Sisi tulioitwa walanguzi jana tukaitwa wafanyabiashara leo. Nikanunua lori langu la kwanza, kuukuu, la kusukumwa asubuhi. Nikaanza kushusha kabeji na plamsi na karoti hadi Dar es Salaam. Bwana Shamba akaacha kuniita mkulima. "Karibu, mlanguzi," alisema kila nikimpitia, na nilikuwa simpitii sana. Mbolea ya serikali ikakoma. Ushirika ukafa. Wakulima wakawa wanauliza bei kwangu kabla ya kuuliza mvua kwake. Nilikuwa nikimwona njiani na shati lake la mfuko mmoja, anakwenda kwenye mkutano wa wakulima ambao wakulima hawaendi.

Mwaka ule nilipita Msamvu, Morogoro mjini, nikakuta visu vya kukunja vimemwagwa kwenye turubai, vipya, vyekundu, vinang'aa. Moyo ukaniruka. Nikasema leo nitamfurahisha mzee. Nikachagua kilicho kikubwa, nikapanda nacho mlimani nimekishika mfukoni njia nzima.

Akakipokea. Akakifungua, akakifunga.

"Umekipata wapi?"

"Msamvu. Vimejaa tele, mzee! Wanavimwaga chini kama dagaa."

"Kama dagaa," akasema.

Akakifungua tena, akakifunga. "Kizuri." Akakiweka dirishani. Hakukitia kwenye bati, hakukifungia kitambaa. Kila nikipita nilikiona pale dirishani, jua likikichujua wekundu. Niliona amenidharau. Sikuelewa kwamba nilikuwa nimemwambia, kwa furaha yangu yote, kwamba kazi ya miaka yake thelathini sasa inamwagwa chini kwenye turubai.

Baadaye ikaja barua ya kupunguzwa kazini. Walipunguzwa wengi. Nyumba ilikuwa ya serikali, akapewa miezi mitatu aiache. Alipanga chumba kimoja Mlali, chumba cha kitanda na kiti. Akatuambia, "Serikali imenipunguza. Na mimi nipunguze."

Akaanza kupunguza visu.

Hakuuza hata kimoja. Kila Jumapili alitandika mkeka kama kawaida, akavitazama muda mrefu, akachagua kimoja au viwili au vitatu, akatuma mtu aitwe. Uliyeitwa ulikaa, akakuwekea kisu chini mbele ya miguu yako, akakwambia kilikotoka, na alikwambia yote, hata jogoo alikuwa wa rangi gani. Kisha anasema, "Haya, ni chako." Cha pembe cha padre, kile ambacho kila mtu alikitolea macho, alimpa mwalimu wa shule. Cha reli alimpa karani wa kijiji. Cha kizibuo alimpa mlevi wa kilabuni, akamwambia, "Wewe angalau utakitumia inavyotakiwa," na watu wakacheka tena. Hata yule bibi wa barazani aliitwa, akapewa kidogo cha kukatia ugoro.

Mimi nikangoja.

Nilijua nitapewa kile cheusi cha kubebeshea. Nani mwingine? Miaka sita nimemshikia miti. Jumapili ya kwanza nikavaa shati safi. Jumapili ya tatu nikajifanya nina kazi karibu na njia yake. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kumwachia mtu heshima yake.

"Baba Fulani," akasema, "umekaa kama mwali anayengoja kutolewa nje. Si uende ukamuulize?"

"Siombi mtu kitu mimi."

"Basi endelea kukaa ndani na ungo wako."

Vikabaki kumi. Vikabaki sita. Jumapili ya mwisho vikabaki vitatu, na habari zilipotufikia zikatushangaza: vizuri vyote amegawa, amejibakizia vibaya. Kile cha kutu cha shamba la mkonge. Lile zigo la mhunzi. Na cheusi cha kubebeshea. Watu wakasema uzee umempanda kichwani. Mimi nikasema amenitupa, na nililisema hadharani.

Siku ya kuamkia safari yake alisimama mlangoni kwangu, hakuingia.

"Lori lako linashuka lini?"

"Jumatatu."

"Mimi nashuka kesho."

Lori lilikuwa langu. Lingeweza kushuka siku yoyote niliyosema mimi. Lilikuwa limesimama pale uani, ameliona, nami nimemwona akiliona.

"Safari njema, mzee," nikasema.

Akashuka kwa miguu. Wachukuzi wawili walimbebea godoro na sanduku, bati akalibeba mwenyewe kwapani. Njia ile nimeishuka na tenga la plamsi kichwani, naijua inavyovunja magoti.

Miaka minne nilipita Mlali mara mbili kila wiki. Chumba chake kilikuwa kinatazama barabara. Nilikuwa na kawaida, tukikaribia pale, ya kumwuliza dereva jambo lolote, matairi, mafuta, ili niwe nimegeukia upande wa dereva, si wa kile chumba. Dereva hakuwahi kuniuliza kwa nini. Katika miaka hiyo mke wangu alifariki, watoto wakahamia Dar, na nikajifunza Jumapili ilivyo ndefu. Hata hivyo nikaendelea kutazama upande wa dereva. Kiburi nacho kina mazoea.

Jumamosi moja tairi likapasuka, na halikupasuka mbele wala nyuma, lilipasuka pale pale. Dereva akaingia chini na jeki. Nikasimama juani kama mjinga, kibaraza kiko hatua kumi, na kibarazani ameketi mtu kwenye kiti cha kamba, uso ameuelekeza barabarani lakini haangalii kitu. Mtoto wa jicho alikuwa amefunga macho yote mawili.

"Shikamoo," nikasema.

Akainamisha kichwa kusikia. "Marahaba. Mlanguzi huyo. Gari limekufa?"

"Pancha."

"Nilijua si kwa hiari yako. Kaa."

Nikakaa kwenye ngazi. Tukaulizana mvua. Nikamwambia habari ya mke wangu, akasema alisikia, akanipa pole. Mimi si mtu wa kuzunguka. Nikamwambia, "Mzee, nina neno."

"Sema."

"Visu arobaini na kimoja. Karani ulimpa. Mwalimu ulimpa. Mlevi ulimpa. Mimi niliyekushikia miti miaka sita hukunipa hata kibovu. Nilikukosea nini?"

Alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Hilo umelibeba tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Ingia ndani. Chini ya kitanda."

Nikalitoa bati. Lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na visu viwili tu, cha kutu na cheusi.

"Vilikuwa vitatu," nikasema.

"Cha mhunzi amekichukua mwenyewe. Alikuja mwaka jana. Alishuka mlima mzima kuja kugombana na mimi kwa ajili ya yale maneno ya viazi. Tuligombana mchana kutwa, tukala ugali, tukagombana tena. Siku nzuri sana. Jioni nikampa kisu chake. Sijamsikia tena." Akapapasa mkono wa kiti. "Nilikosea. Ningemwambia akifuate siku nyingine."

Sikuelewa, na nikamwambia sielewi.

"Wale niliowapa nilikuwa nawaaga," akasema. "Mtu ukishampa kitu cha kukukumbuka, anakwenda kukukumbuka huko huko kwake. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Siwalaumu, niliwaruhusu mwenyewe. Nilibakiza vitatu. Cha kutu ni changu, kilinifungukia mimi. Hivyo viwili vilikuwa vya watu nisiotaka kuwaaga. Nikasema, mhunzi atakuja kugombana, na mlanguzi atakuja kudai. Mlanguzi haachi chake."

"Na mimi sikuja."

"Hukuja."

Chini ya lori dereva alikuwa anagonga kitu kwa nyundo.

"Umeshadai," akasema. "Chukua chako."

Nikakichukua. Mwenye akili angekiacha, angesema nitakifuata Jumamosi ijayo, mzee, na Jumamosi nyingine, na nyingine. Mimi nilikitia mfukoni. Dereva akaita, nikaaga, nikapanda garini mbio kama mwizi, na tulipofika mbali ndipo nikaona nimefanya nini. Nimechukua cha mwisho cha kugawa. Sasa nilikuwa kama karani na mwalimu na mlevi. Nilikuwa nimeagwa.

Wiki ile sikulala vizuri. Mngesema, rudi tu kamwone. Nyinyi mnasema hivyo. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kwenda kwa mtu bila shughuli. Nikienda, nanunua au nauza au nazika. Kwenda kwa mtu kumtazama tu na kutazamwa, tena mtu asiyekuona, sikujua kunafanywaje, mtu anaingia na neno gani mlangoni.

Ijumaa nikateremka mtoni nyuma ya nyumba na kile kisu. Nikachagua jiwe lenye changarawe. Nikakikwaruza makali juu ya lile jiwe, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka kisiweze kukata jani la mgomba. Iliniuma meno kusikia sauti ile.

Jumamosi nikamwambia dereva asimame Mlali.

"Pancha tena?" akauliza Bwana Shamba.

"Hapana. Kisu chako butu."

Nikamwekea mkononi. Akakikunjua, akapitisha kidole gumba taratibu mwanzo hadi mwisho, akarudia. Uso wake haukubadilika.

"Umekikatia nini?"

"Mti."

"Mti gani una changarawe?"

"Mgumu tu. Wa huko juu."

"Mgumu," akasema. "Haya. Jiwe la kunolea liko dirishani. Lete na maji."

Nikaleta. Akaanza kunoa, polepole, kichwa amekiinamisha akisikiliza chuma. Alikuwa hahitaji macho kwa kazi ile. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Plamsi hazingoji mtu, hilo nalijua kuliko yeye. Nikatoka hadi barabarani nikamwambia aende, mimi nitashuka na gari lolote kesho, na kama walaji wa Dar wakiuliza niko wapi awaambie nina shughuli.

Nikarudi nikakaa kwenye ngazi. Kisu kilikuwa kimeshapata makali zamani, nilisikia kwa sauti, na yeye alisikia kabla yangu. Hakuniambia, wala mimi sikumwambia. Akamwagia maji jiwe, akaendelea kunoa.